Kijiti Kimoja, Macho Kumi na Manne

Alhamisi, Desemba. Mvua asubuhi, kisha joto la kunata. Nzi wamejaa mpaka kwenye chandarua.

Leo nina kinyaa. Kile kinachokaa kooni hata ukishakunywa maji.

Wadogo zangu wawili, Zulfa wa miaka sita na Kassimu wa minne, wanaumwa macho mekundu. Tangu juzi wanaamka kope zimegandana kwa matongo. Si yale ya kawaida ya usingizini. Haya ni ya manjano, mazito, yanavutika kama ulimbo na yana harufu ya maziwa yaliyolala. Kazi ya kuyasafisha ni yangu, kwa sababu nimemaliza shule na nyumba nzima imeamua kwamba mtu anayesubiri matokeo hana shughuli. Nachovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, nafuta, natazama pembeni, nafuta tena. Asubuhi nilitoka nikatapika uani. Nilifungulia bomba ili Zulfa asinisikie.

Mama mdogo Hawa, mdogo wake mama, amejifungua na yuko kwetu mpaka arobaini itimie. Mchana aliniita: "Niletee hao watoto niwakamulie ziwa machoni. Sisi tulitibiwa hivyo, na mbona tunaona mpaka yasiyotuhusu?" Nikajifanya sijasikia. Zahanati wametupa matone. Maziwa juu ya usaha!

Lakini si hilo lililonikaa kooni.

Jumapili palikuwa na maulidi ya chuo cha Kurani. Watoto saba wa mtaani kwetu hapa Dunda, wakiwemo hawa wawili, waliletwa barazani niwapambe, maana wanasema nina mkono mwepesi. Niliwapanga mstari nikawapaka wanja, wote kwa kijiti kimoja. Na kila nilipomaliza mtoto mmoja nilikilowesha kijiti kwa ulimi ili wanja ushike. Ndivyo bibi alivyotupaka sisi. Sijawahi kuona mtu akifanya vingine.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa na macho mekundu. Mama yake alisema hakulala vizuri. Mimi niliona ute kwenye pembe ya jicho. Niliuona kabisa. Ningesema nini, mama mtu amesimama pale, na baraza zima linanitazama? Nikapaka, nikalamba, nikamwita wa pili.

Sasa watano kati ya saba wanaumwa.

Ulimi nimeusugua kwa mswaki mpaka unauma.

Baada ya Isha, nilipowalaza, Zulfa alianza kulia. Kope zilikuwa zimeanza kushikana tena, na alikuwa na hakika kwamba ameshakuwa kipofu. Mimi darasani sikuwahi kunyoosha mkono, lakini somo la jicho nililipenda. Nikawatuliza nalo, kwa sauti ya chini, huku pamba chafu ikiwa mkononi na pumzi nimeibana.

"Jicho lako ni chumba kidogo cha mviringo. Katikati pana kidirisha cheusi, kinaitwa mboni. Mwanga unatoka kwenye taa, unagonga shuka, unagonga pua ya Kassimu, halafu unaingia dirishani polepole. Ndani unapita kwenye kioo laini, lenzi, kinaukusanya na kuulaza kwenye ukuta wa nyuma. Hapo inatokea picha ndogo sana, tena kichwa chini, miguu juu."

"Mimi miguu juu?" Kassimu akauliza.

"Wewe na kitanda chako. Ndipo kamba nyembamba inaipeleka picha kwenye ubongo, na ubongo unaigeuza, unasema: aa, kumbe ni Kassimu."

Wakacheka. Nikaendelea kuwaambia kwamba uchafu hauko chumbani. Uko nje, kwenye pazia. Pazia likigandana tunalilowesha tu. Chumba chenyewe kizima, na ukifumba macho kinapumzika gizani mpaka asubuhi.

Zulfa akatulia. Kisha, kwa sauti ya usingizi: "Dada, nani alilichafua pazia langu?"

Nikasema ni vumbi.

Uongo ulitoka laini, bila kigugumizi, mimi ambaye kweli hunikwama kila siku. Hapo kinyaa kikahama kutoka kwenye pamba, kikanijia mimi.

Kesho ni arobaini ya mtoto wa mama mdogo. Atanyolewa, na atapakwa wanja machoni na kwenye nyusi. Mpakaji nimeshachaguliwa, ni mimi. Kijiti ni kilekile.

Watoto walipolala nikaenda chumbani kwa mama mdogo. Alikuwa anamfunga mtoto winda. Nilisema yote nikiwa nimesimama, macho kwenye mkeka.

"Yaani mate yako yamo machoni mwa mtaa mzima?" Alitaka kucheka. Kisha uso ukabadilika. "Na huyo wa kwanza, ulimwona?"

"Nilimwona, mama mdogo."

"Ukampaka."

"Nikampaka."

Akamsogeza mwanawe upande wa ukutani, mbali na mimi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Mwanangu hapakwi," alisema. "Na kesho mapema, kabla wageni hawajaja, utakwenda kuwaambia mama zao. Wote. Wana wachanga majumbani, na jioni wanawapaka hivyohivyo."

Nyumba tano. Mimi ambaye dukani nanyoosha kidole ili nisilazimike kutaja ninachotaka.

Nitaanza kwa mama wa yule wa kwanza. Hodi nitaiweza, shikamoo nitaiweza. Yanayofuata itabidi niyaseme kabla sijakaa, kwa sababu nikikaa nitapewa chai, na nikipewa chai nitanyamaza.