Koti Nililolipa Jina la Gunia

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa stoo ya vitambaa, mlango nimeufunga kwa ufunguo, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa maana siku hiyo natakiwa kusaini kitu ambacho moyo wangu haukitaki. Mimi ni mshonaji wa bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo, kwenye jumba kubwa la mitindo, lile la nguo za watu wenye nafasi zao, huu mwaka wa kumi na nane, na aliyenifundisha kazi ni dada yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye msimamizi wa karakana, mkali huyo, mshono wangu wa kwanza aliufumua mara sita, akasema ndani ya nguo pawe pasafi kama nje hata kama hakuna atakayepaona. Basi mwaka huu tumeletewa mbunifu mkuu mpya, mwanamke mkimya asiyevaa hata hereni, akafuta shanga, akafuta mikia ya magauni, akaleta koti pana lisilo na bitana, mishono yote imegeuzwa nje, na tulipooneshwa, mimi na mdomo wangu nikasema, "Hili koti au gunia?" Watu walicheka mpaka cherehani zikasimama, jina likashika, likafika dukani, wateja wa zamani nao wakalidaka, mmoja akarudisha kadi ya mwaliko akisema yeye havai gunia, na sasa dada ameandika barua kwa wenye jumba waturudishie mitindo yetu ya zamani, wote wamesaini, nimebaki mimi tu, ameniachia nafasi chini ya jina lake.

Aibu yangu ni hii: nalipenda. Nilipewa nishone la tatu, nikalijaribu wenzangu wakiwa kantini, nikajitazama kwenye kioo cha wateja, nikaona mshono wangu umeteremka kutoka begani mpaka kiunoni mbele za watu, baada ya miaka yote ya kufichwa, na tangu siku hiyo naamka na hamu ya kazi, naimba bafuni, mume wangu kaanza kuniuliza nimepata nini, na kila mchana nalivaa, mshauri, kila mchana! Dada ananiambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyelipa jina, tuko pamoja," nami natabasamu tu. Nisaini ili nisimvunje moyo, au nifanyeje?

Ni mimi, Mwenye Mdomo Wake

JIBU

Mwenye Mdomo, pole, ila ni nusu pole. Kwanza toka stoo, wenzako wanatafuta vitambaa.

Kupenda koti si kosa, na furaha uliyonayo wengi wanaitafuta kazini mpaka wanastaafu. Kosa lako ni kuropoka kabla hujalitazama, kisha kufyata mdomo ulipolitazama. Ulimdhihaki mgeni wa watu kwa sababu kicheko kilikuwa karibu. Hilo limenikera.

Halafu unasema hutaki kumvunja dada moyo. Acha kujidanganya, unaogopa macho yake. Hebu niambie, mshono huo unaojivunia kiooni ulitoka wapi? Koti lile lingegeuzwa nje kwenye karakana isiyo na dada kama wako, lingekuwa kichekesho kweli. Yeye ana uchungu kwa kuwa anadhani kazi yake imetupwa. Wewe umeona kwamba imetolewa hadharani, na habari hiyo nzuri umeinyamazia!

Usisaini. Kesho mchana, badala ya kujificha, mwite dada peke yake, livae mbele yake, uchukue kidole chake ukipitishe juu ya mshono. Usimhubirie. Mwambie, "Dada, hii ni kazi yako, naipenda, na barua sisaini." Akikununia wiki nzima, vumilia. Akiipeleka barua bila jina lako, ni haki yake, naye anazipenda shanga zake. Kesho hiyohiyo simama mbele ya wale uliowachekesha, useme ulikosea, umtake radhi mbunifu.

Ukisaini, siku moja dada atafungua mlango akukute na koti mbele ya kioo. Habari ya koti hataiuliza. Atataka kujua ni mangapi mengine umekuwa ukimtabasamia.