Giaboksi Sileti

4 Machi

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila tangu niibebe mota ya mashine yangu, mgongo unanikumbusha umri kila ninapoinama. Wewe na mumeo hamjambo?

Nimefurahi mno kusikia umeiokoa mashine ya kufulia kutoka kwa wauza vyuma chakavu: pipa la duara, roli mbili za kukamulia juu. Ni aina ileile niliyo nayo, na ya tatu sijawahi kuiona. Sasa nisikilize. Yangu ina pipa zima, giaboksi imekufa. Yako ina giaboksi nzima, pipa limepasuka. Hapo tuna mashine moja tu, mwanangu. Ifungue giaboksi taratibu, uniletee. Nimeihangaikia yangu tangu nikiwa mwalimu wa fizikia.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Pole na mgongo, lakini nani alikutuma kubeba mota peke yako?

Giaboksi sileti. Si wewe uliyenifundisha kwamba mashine inayozunguka kwa mkono haichinjwi kwa ajili ya spea? Hukuniruhusu kushika spana kabla sijaizungusha kwa mkono puli, lile gurudumu la mkanda. Basi yangu nimeijaribu, na fundi redio wa jirani ni shahidi. Inazunguka kama feni. Yako je?

Binti yako mkaidi

2 Aprili

Mkaidi wangu,

Marahaba. Nimecheka, kisha nikanuna. Hiyo yako inazunguka, sawa, lakini inavuja! Isiyoshika maji ni ngoma hiyo, si mashine. Na kanuni niliitunga mimi, naweza kuilegeza.

Baba

30 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Hukunijibu, nami najua kwa nini: uliniuliza "Yako je?" nami nikakwepa. Siku zote hizi nilikuwa napita kando ya mashine yangu bila kuigusa. Jana nikaishika puli. Wapi! Nikatia mafuta, nikamwita jirani mwashi tusaidiane. Akasukuma hadi jasho likamtoka. "Mwalimu," akasema, "huu sasa ni ukuta."

Nimeichinja mwenyewe. Pipa linakuja kwa lori, limefungwa blanketi. Usikaze boliti moja hadi mwisho. Kaza kidogo upande huu, kisha ile inayoikabili, hivyo hivyo kwa zamu, ili uzito ugawanyike. Ukiharakisha, litapasuka, na jingine sijui tutalipata wapi.

Baba yako

21 Mei

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, na mashine nayo nzima! Haikudondosha hata tone. Fundi redio alileta ovaroli yake ya kazini. Maji yalitoka meusi kama wino, akaona aibu, tukamcheka. Watu wanakuja kutazama, wanauliza ni ya nani. Nawaambia ni ya baba.

Binti yako

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, tena natembea kifua mbele mtaa mzima.

Usiwadanganye watu. Pipa lilikuwa langu. Mashine ni yako. Wakiuliza tena, waambie ni ya binti aliyemkatalia baba yake, na baba yake anajivunia.

Baba wa Fundi