Ini la Baba kwa Lugha Tatu

Alhamisi, 1 Juni 1995
Nina hasira mpaka mwandiko unayumba.

Leo ilikuwa siku ya daktari. Dk. Bonaventura huja zahanati na Land Rover kila baada ya wiki mbili. Benchi lilijaa, Baba akakalia tofali. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, shati halifungiki vifungo vya chini. Nesi Leah akapita, akamwambia mwenzake – wala hakunong'ona – kwamba tumbo la namna hii kwake halihitaji kipimo, ni la pombe. Watu wakacheka kidogo. Baba akatazama chini. Mimi nikatazama chini. Ndiyo kazi yangu hapa duniani, kutazama chini.

Baba hanywi. Hajawahi. Bujumbura madereva wenzake walimwita Fanta.

Daktari aliuliza kama kuna karatasi za zamani. Mama akafungua mfuko wa Rambo, akatoa ile ya Bujumbura, walipomchoma sindano ubavuni wakatoa kipande cha ini, miezi michache kabla ya vita kuturudisha huku Tanzania. Daktari akaigeuza huku na huku. Kifaransa! Akasema hajui hata salamu yake. Mama akasema huyu binti amesoma huko tangu chekechea. Basi aniandikie kwa Kiingereza, daktari akasema, nikirudi tarehe 15 niikute.

Nikaitikia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Ijumaa, 2 Juni
Ukurasa mmoja tu. Lakini umepigwa taipu yenye utepe uliochoka, na mimi nina kamusi mbili: ya Kifaransa kwa Kifaransa, imechanika herufi A yote, na ya Kiingereza ya shule. Katikati hakuna kitu. Katikati ni mimi. Nasoma Kifaransa, nakisema kwa Kiswahili kichwani, halafu ndiyo nakwenda Kiingereza.

Foie ni ini, rahisi. Cirrhose – ini limekakamaa, limejaa makovu. Halafu kuna chembe "en verre dépoli". Nimekaa na hilo asubuhi nzima. Kumbe ni kile kioo cha mlango wa direkta wa shule yetu ya Bujumbura: mwanga unapita, sura haipiti. Ndani ya Baba kuna vioo vya hivyo. Kwa Kiingereza nimekieleza kwa maneno tisa. "Espaces portes" nimeandika nafasi za milango. Upuuzi, najua, ini halina milango. Daktari acheke tu. Na "absence de corps de Mallory" – hakuna mwili wa Mallory. Mallory ni nani, na kwa nini walimtafuta ndani ya baba yangu? Nikacheka peke yangu. Mama akauliza kuna nini. Nikasema hamna.

Shuleni Singida wananiita Madamu Bonjuu. Mwaka mzima nimejifanya nimesahau hiyo lugha.

Jumapili, 4 Juni
Kanisani. Baba benchi la mwisho, kama kawaida tangu Pasaka. Ametengwa. Haruhusiwi kukaribia meza ya Bwana mpaka atubu ulevi mbele ya watu, naye alikataa kutubu asichokifanya. Wazee wa kanisa wakasema tumbo lake ni ushahidi tosha. Mtu akifa ametengwa, mchungaji haji kaburini na kengele haipigwi. Hilo ndilo linalomnyima Baba usingizi. Siyo maji ya tumboni.

Na mimi mfukoni nilikuwa na sentensi! Nimeifikia jana: hakuna dalili yoyote ya ugonjwa kutokana na pombe. Imeandikwa. Imepigwa mhuri. Wengine walipokwenda mezani nilitaka kusimama niisome kwa lugha zote tatu.

Sikusimama, bila shaka.

Jumatatu, 5 Juni
Nimemaliza. Jioni nikawasomea kwa Kiswahili. Baba kwenye mkeka, Mama anapepeta mtama, mdogo wangu Shukuru anaokota punje zinazoruka. Nilipofika kwenye pombe Baba alifumba macho, akasema asante Yesu. Nikaendelea kwa fahari, mjinga mimi. Ugonjwa umetokana na virusi vya homa ya ini, aina ya B. Inashauriwa watu wa nyumbani wapimwe damu, hasa watoto wadogo.

Ungo ukasimama.

"Virusi?" Mama akauliza.

"Siyo vile, Mama. Hivi ni vya ini."

"Virusi ni virusi."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Kwamba vya UKIMWI ni vingine kabisa. Kwamba hivi mtu anaweza kuwa navyo tangu utotoni na asijue. Mama akahamia Kinyaturu, wakasemezana na Baba haraka haraka, mimi naambulia nusu. Nusu ilitosha. Halafu Baba, bila kuniangalia:

"Hilo neno usimwandikie daktari."

Jumatano, 7 Juni
Sijaongea naye tangu Jumatatu, zaidi ya shikamoo.

Leo kaniita nyuma ya zizi.

"Eliana, mama. Nesi Leah anasoma Kiingereza?"

"Anasoma."

"Na karatasi za daktari anazipanga nani?"

"Yeye."

"Na kwaya anaimba na nani?"

"Na wote."

"Basi."

Akasema maziwa ya mama yako pale Ihanja barabarani atanunua nani. Akanikumbusha mtoto wa Mzee Mazengo, jirani yetu, aliyekuwa na UKIMWI – walimtengea kikombe chake, na alipokufa kikombe wakakitupa chooni. "Pombe nikitubu imekwisha," akasema. "Hilo lingine halina toba."

"Lakini hukunywa, Baba."

"Mungu anajua sikunywa."

"Na Shukuru? Ana miaka mitatu. Asipopimwa je?"

Halafu akasema Shukuru ni mzima, mwangalie anavyokimbia. Na wewe, Baba, si ulikuwa unakimbia? Swali nilikuwa nalo mdomoni. Nikatazama chini.

Jioni Mchungaji Obadia alikuja. Nikiwa jikoni nikamsikia Baba anamwambia yuko tayari, Jumapili hii. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mbuzi wakaitika. Nikauacha ugali uungue.

Jumapili, 11 Juni
Ametubu.

Alisimama mbele na fimbo yake, akasema nimekunywa kwa siri, nimemkosea Mungu na usharika huu. Aliusema uongo vizuri, hata mimi ningeamini. Vigelegele. Nesi Leah akanikumbatia, akaniambia nisimwonee baba yangu aibu, Mungu husamehe. Nilitaka kumng'ata. Halafu Baba akapokea divai, kileo pekee ninachojua kimewahi kugusa midomo yake.

Linaloniuma kuliko yote: amefurahi. Amerudi nyumbani kichwa juu, anasalimia kila mtu, anasimama kupumua, anasalimia tena. Amekula. Mama ameimba akiosha vyombo. Nimemchukia, kisha nikajichukia, kisha nikamchukia tena. Ni nani ninayemkasirikia hasa? Wao waliomtaka aseme, au yeye aliyesema, au mimi niliyekaa kimya nikiwa na karatasi mfukoni?

Jumatano, 14 Juni
Nimeandika mbili. Moja yote. Nyingine inaishia kwenye vioo na milango, haina pombe wala virusi.

Baba kachukua fupi, kaikunja ndani ya Biblia. Hakuniuliza kama kuna nyingine. Shukuru alikuwa anakula karanga, akatoa moja mdomoni, akanipa. Nimeila.

Alhamisi, 15 Juni
Naandikia kwenye benchi la zahanati. Shukuru amelala mapajani. Mama yupo Ihanja na maziwa.

Baba kaingia kitambo. Hapa kuna pazia tu, kila kitu kinasikika. Daktari alicheka kwenye milango, kama nilivyojua. Alipofika kwenye vioo hakucheka. Akauliza: mzee, ulikuwa mnywaji? Baba akasema ndiyo, daktari, lakini nimeshatubu. Nesi Leah akasema amina.

Karatasi zinapapaswa.

Halafu daktari: "Mbona hii ya Kifaransa ina mistari minne hapa chini, na ya Kiingereza haina hata mmoja?"



Nesi Leah katoka. Kasema daktari anamtaka aliyeandika, nisubiri kidogo, yeye anamdunga sindano mtoto wa mama fulani kwanza. Pazia limebaki wazi. Baba ananitazama. Hana hasira. Ananitazama kama alivyotazama ile divai.

Karatasi ndefu ipo ndani ya kitenge, upande wa Shukuru. Imelowa jasho lake.

Nesi Leah kaniita sasa. "Haya, njoo. Mtoto mwache hapa kwenye benchi."

Nimemwambia mtoto anaingia na mimi. Kasema unasemaje? Nimerudia, kwa sauti. Watu wa foleni wamegeuka wote na mimi sijatazama chini na –