Siku Gari Langu Lilipokuamkia, Baba Mkwe

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Nakuandikia kwa sababu tangu jana mchana nimepigwa na butwaa, na mtu pekee ninayetaka kumuuliza "kumbe?" tumeshamlaza kule juu kwenye mikaratusi.

Unalikumbuka lile gari dogo jeupe? Mimi na mwanao tulilinunua kwa fedha ya vitunguu swaumu, muda mfupi baada ya kuambiwa kwamba sisi wa Mbulu hatuko tena mkoa wa Arusha, ni wa Manyara. Yeye akarudi kazini Arusha, nikabaki nalo mimi. Asubuhi kutoka Nambis kwenda kufundisha mjini, jioni kurudi, Jumamosi magunia. Kama kila mwenye gari huku, tulilinyanyua kwa springi ndefu ili lisiguse mawe.

Siku ya kliniki yako ya moyo, nyonga ikakataa kupanda. Majirani wawili wakakushika mikono na miguu wakakuingiza kama gunia, na mimi mkweo nimesimama pembeni, mikono nyuma. Ningefanya nini? Nyumbani kwenu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hata chai nilikuwa naiweka juu ya kigoda, narudi nyuma, ndipo unaichukua. Mwezi uliofuata ukatangaza kwamba umepona. Nilimshukuru Mungu wiki nzima, mpaka mama, mkeo, aliponinong'oneza jikoni, "Hajapona huyo. Anaona aibu kubebwa."

Nilishtuka, baba. Mtu yuko tayari kufa kwa sababu kiti cha gari langu kiko juu!

Ulipokwenda kuangalia ng'ombe, nikachukua mpini wa jembe nikapima benchi lako la nje, lile ulilokuwa unakaa na kuinuka mwenyewe bila msaada wa mtu. Nikatia alama kwa kisu, nikaenda na mpini wangu kwa fundi.

"Mwalimu, watu wote wanakuja kunyanyua, wewe unashusha?" Fundi alinitazama kama nimechanganyikiwa. "Hayo ni mambo ya vijana wa mjini."

Alikuwa na springi za kukata kwa msumeno na springi fupi za mtumba, nene, zilizopakwa rangi nyekundu. Tukajaribu zote, na kila mara napima kiti kwa mpini. Zile za kukata zilifika kwenye alama sawasawa, lakini tulipozunguka soko gari lilinirusha mpaka meno yakagongana. Nikaifikiria nyonga yako. Nikafikiria pia kwamba hili gari nalitumia kila siku, na magunia yakipanda zitakandamizika kabisa. Nikachukua nyekundu, ingawa zilizidi alama kwa kidole kimoja. Fundi akasema, "Sawa, lakini masika ikija usinilaumu."

Shuleni walinicheka. Mwalimu mkuu aliuliza kama nimeanza mashindano ya magari. Lakini wewe ulilizunguka gari mara moja, ukaweka fimbo chini, ukakaa kitini kama unakaa kwenye benchi lako, ukaingiza mguu mmoja, halafu wa pili. Kisha ukagonga dashibodi, ukasema, "Marahaba."

"Unamwitikia nani, baba?"

"Gari. Si limeniamkia? Angalia lilivyoinama."

Nilicheka hadi nikalikosa lango la kutokea. Tulikwenda kliniki miezi saba bila mtu kukugusa.

Halafu ikaja masika. Asubuhi ile kifua kilikubana, mvua inanyesha, mama yuko msibani Endagikot. Tukafika kwenye ule mteremko, gari likakalia tumbo kwenye tuta la katikati ya njia, magurudumu yanazunguka bure. Lingekuwa juu, lingepita. Nililia, baba, nakuambia sasa. Nilijua nimekuua kwa springi nilizozichagua mwenyewe.

Ukasema, "Mwalimu, geuka."

"Nigeukie wapi?"

"Geuza mgongo, uiname."

Sikuamini masikio yangu. Nikaona mikono yako imeshanyooshwa, nikageuka. Ulikuwa mwepesi kuliko debe la mahindi. Tope lilinifika magotini, viatu vyangu vikabaki humo humo. Tulipokaribia barabara kubwa ulininong'oneza sikioni, "Polepole, binti yangu." Binti. Miaka kumi na moja ulikuwa unaniita Mwalimu.

Lori likatuchukua hadi hospitali. Nilipokuwa nawaza nitamwambia nini mama, nikakusikia unamweleza muuguzi, "Nilitembea kwa fimbo. Mwalimu alinionyesha njia." Mzee wa kanisa! Kesho yake gari la jirani lilikushusha mlangoni, ukamwambia mama maneno yale yale, ukaongeza na idadi ya mara ulizoteleza. Hukulizungumza tena mpaka ulipotutoka, mwezi wa mavuno, umekaa benchini.

Nami nilinyamaza. Nimekaa na siri hii nikimwona mama kila siku, naogopa akijua atasema nilikuvunjia heshima.

Jana tuligawa vitu vyako. Mama akaingia chumbani, akatoka na vile viatu vyako vyeusi, akavigeuza soli juu.

"Hivi ndivyo alivyovaa siku ile," akasema. "Vilirudi vikavu. Bila hata punje ya tope. Mtu ametembea ule mteremko, masika, ameteleza mara nne, soli safi?"

"Mama, ulijua?"

"Nilijua jioni ile ile aliporudi. Alifurahi sana kunidanganya, nikamwachia." Kisha hakuviweka kigodani. Alivitia mikononi mwangu, akanishika vidole. "Asante kwa kumbeba mume wangu."

Baba, wewe ulidhani unanisitiri mimi, mimi nilidhani nakusitiri wewe, na yeye alikuwa anatusitiri sote wawili!

Fundi ameniambia nirudishe springi ndefu kabla ya mvua. Nilikuwa nimekubali. Lakini leo asubuhi mama alikuja na mkoba wake wa kanisani, akakaa kitini bila kusaidiwa, akagonga dashibodi akasema, "Marahaba." Fundi atangoja.

Lala salama kule juu. Viatu vyako ninavyo, soli bado safi.

Ni mimi,
binti yako.