Mwalimu Aliyekufa Katika Katuni

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba. Hapa Msambweni mama yako hajambo. Mimi nguvu zinaniishia, sikufichi.

Umeuliza kama nimeipenda ile filamu ya katuni ya mapigano. Mapigo yake yana madaha, na nimecheka sana. Lakini mwalimu anakufa, na papo hapo mwanafunzi wake anashinda pambano. Hapo wamekosea.

Baba yangu alipofariki, kaka yangu aliitwa harusini kucheza kirumbizi, ile ngoma ya kupigana kwa fimbo aliyofundishwa na baba, akiwa na fimbo ya marehemu. Akashindwa kuiinua. Mpinzani wake akashusha yake, akamwambia, "Basi, ndugu yangu, leo tuzunguke tu." Wakazunguka, ngoma ikiendelea, kaka akilia.

Nakiri kwako peke yako kwamba naogopa kufa. Nitakapoondoka, usishinde upesi.

Bibi yako