Nusu ya Dawa ya Baba

Jumatano. Joto la Desemba, lile la kuamka nalo. Umeme umekatika tangu saa tatu asubuhi na feni ya Baba imesimama. Nimechoka mpaka kwenye kope. Naandika hapa kwa sababu mtu wa kumwambia uso kwa uso sina, na hata ningekuwa naye nisingeweza. Mimi nikitazamwa tu, maneno yanarudi tumboni.

Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne wamekwenda Raskazone kuogelea. Niliwaambia nina malaria. Sina malaria. Nina baba.

Baba ni fundi baiskeli. Naandika "ni", sitaki kuandika "alikuwa". Saratani imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno na ya mguu, na hospitali walitukalisha chini, mimi na Mama, wakatuambia dawa ya kuiondoa hakuna tena. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu akiwa nyumbani kwake. Kila Jumatano nesi Upendo anakuja kwa bodaboda, begi mgongoni, anapiga hodi kama jirani.

Dawa yenyewe ni mofini ya maji, chungu sana. Nesi aliileta Jumatano iliyopita. Mililita tano kila baada ya saa nne, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mama anatoka alfajiri kufuata machungwa ya biashara Muheza, anarudi jioni amechoka, kwa hiyo mpimaji ni mimi, hata usiku. Mimi ndiye mwenye Kiingereza, ati. Shangazi zangu wananiita daktari. Karatasi yoyote ya hospitali inaletwa kwangu.

Sasa niseme.

Wiki nzima nimekuwa nikimpa Baba nusu.

Siku ile ile dawa ilipoletwa niliingia mtandaoni kuisoma. Kiingereza kitupu. Nilielewa kila neno, sikuelewa habari yenyewe. Niliona mtu anaweza kuizoea asiiache. Niliona inaweza kupunguza pumzi. Mtaani kwetu mateja wa unga tunawajua kwa majina, wengine tulikaa nao dawati moja. Nikamwona Baba yuko nao pale ukutani wanapoegemea, anajikuna, anasinzia huku amesimama. Nikaona pia siku nitakayompa dawa kwa mkono wangu, halafu asivute pumzi nyingine. Nikapima mbili na nusu. Hakuna aliyenituma, na sikumuuliza mtu. Kuuliza kwangu ni kazi nzito kuliko kubeba maji.

Na nilijiona niko sahihi! Maana kila nikimuuliza, "Baba, maumivu vipi?" anajibu, "Alhamdulillahi." Nesi alituachia daftari la kuandika maumivu kwa namba, sifuri mpaka kumi. Alhamdulillahi ni namba ngapi? Nikaandika mbili. Wiki nzima mbili, mbili, mbili. Majirani waliokuja kumtazama aliwajibu hivyo hivyo, wakatoka wanasema mashallah, mgonjwa ana nafuu.

Leo nesi amefika saa nne kamili, wakati wa dozi. Nikamwamkia, nikampa daftari. Akasoma. Akainyanyua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Kuhusu maumivu hakumuuliza Baba hata neno moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Choo unapata?"

Mimi nikatazama ukuta.

"Kwa kubembelezana," Baba akasema.

"Na kulala? Unajigeuza?"

"Nalalia ubavu huu. Ule mwingine tumegombana."

Nesi akacheka. "Na swala, mzee? Unaswali umekaa?"

Baba akaigeuzia macho dari.

"Tangu Ijumaa naswali nimelala, kwa macho tu," akasema. "Nikikaa, kiuno kinanikata kama msumeno. Mungu anisamehe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Chumba changu na chake vinagawana ukuta mmoja. Sikujua.

Nesi akaniita uani. Hakufoka. "Chupa hii ilitakiwa iwe karibu kwisha. Niambie tu, mdogo wangu."

Nikamwambia, macho kwenye ndala zangu. Neno teja nililisema kwa kunong'ona. Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili cha kawaida: dozi ile imepimwa kwa maumivu ya Baba, na mtu mwenye maumivu ya namna hiyo akipewa kama alivyopangiwa hageuki teja. Nikiona anasinzia mno, haamki vizuri, nipige simu hapo hapo.

"Uliogopa, si kosa," akasema. "Kosa ni kuogopa peke yako. Haya, nani anamwambia mzee, mimi au wewe?"

Nilitaka kusema wewe. Mwili mzima ulikuwa unasema wewe.

Nikaingia mwenyewe. "Baba, nilikuwa nakupa nusu."

Baba huniita mama, kwa vile nimepewa jina la mama yake. "Najua, mama," akasema. "Mimi fundi, mistari ya bomba naiona. Nusu na nzima nisizijue?"

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unaitunza isiishe haraka. Nikasema mtoto ana sababu zake, nisimtie unyonge."

"We Baba!" Nikaanza kulia. Yeye akaanza kucheka, kicheko kikamchoma, akashika kiuno. "Usinichekeshe, nawe!"

Angalau nimejua haya zangu nimezirithi wapi.

Nikapima tano mbele ya nesi. Nesi alipoondoka nilikaa kwenye mkeka nikahesabu pumzi za Baba, saa nzima, mpaka namba zikanichanganya. Zilikuja tu, moja nyuma ya nyingine. Saa nane nikapima tano tena. Alasiri akaomba mito miwili ya kuegemea, akaswali ameketi. Si muda mrefu, na jasho lilimtoka. Lakini ameketi.

Sasa hivi, saa kumi na mbili, kabla ya dozi nimemuuliza kivingine. "Baba, usinijibu alhamdulillahi. Mguu?"

"Alhamdulillahi ni ya Mungu, siiachi," akasema. "Ya kwako ni hii: unauma. Wa kushoto, kuanzia gotini kushuka. Si kama jana, ila unauma."

Sijawahi kufurahia neno baya namna hii. Nimempa tano.

Nesi anasema nisijilaumu. Nimemwitikia kwa adabu. Lakini ukweli ni kwamba Baba hapati nafuu ya kupona, wiki zake zilizobaki si nyingi, na moja nimeipitisha mimi katika maumivu yasiyo ya lazima. Hiyo nitaiweka wapi?

Mlango umegongwa. Ni Mama. Naenda kumwambia mwenyewe, kabla hajatua machungwa.