Godoro la Kwenda Chovae

Jumatatu, 20 Januari 2025. Garissa.

Siku ya pili tangu nitoke Kisauni. Makalio yamekufa ganzi. Pikipiki ya siisi mia moja haikuumbwa kwa safari hii, na mimi na miaka yangu arubaini na saba sikuumbwa pia. Mzigo wenyewe: madumu mawili ya petroli, moja la maji, sanduku la vipuri, mchele, chandarua. Na juu ya yote godoro la mama, limekunjwa, limefungwa kwa mipira ya tyubu. Linanipita kichwa. Upepo wa ubavuni ukija tu, pikipiki yote inataka kwenda kulala msituni.

Dada yangu Swabra alipiga simu wiki iliyopita kutoka Chovae, kisiwani kwetu. Mama hageuki tena kitandani, mgongo umefanya vidonda, kamba za kitanda zinamkata. Akataka godoro. Halafu akasema mama ananitaka na mimi, kila siku ataja jina langu. Nikamuuliza amebakiwa na muda gani. Swabra akasema tu godoro lije upesi. Nikajua.

Khairat alinifungia chapati za njiani. Mke mwingine angeuliza kwa nini nisipite Lamu nikachukua boti. Yeye anajua. Miaka ishirini ya ndoa na hajaniona nikikanyaga hata feri ya Likoni.

Jumatano, 22 Januari. Dhobley.

Mpaka nimeuvuka, niko Somalia. Vumbi mpaka kwenye meno.

Kizuizini askari hakuliamini godoro. Akalichoma na chuma mara mbili kuona kuna nini ndani. Kuna sponji, nikamwambia, ulitaka kuwe na nini? Kimya kimya nilimwambia, maana chuma anacho yeye. Sasa lina tundu mbili na sponji ya manjano inachungulia. Godoro jipya la mgonjwa!

Akaniuliza naenda wapi. Chovae. Akawaita wenzake waje wanione. Chovae si kisiwa? Mbajuni gani huyu anayekwenda kisiwani kwa pikipiki, tena kwa kuzunguka jangwani? Wakacheka mpaka wakanipa chai. Kisomali changu kimeota kutu, lakini kicheko nilikielewa chote.

Sikuwaambia. Hapa nitaandika, hapana asomaye. Mwaka wa tisini na mbili tulikimbia vita sote kwa chombo kimoja, watu wamepangwa kama tende. Kikapinduka. Baba alikwenda, na kaka yangu Mahir alikwenda. Mimi nilikaa majini tangu asubuhi mpaka alasiri, nimeshika pipa. Katika kambi ya wakimbizi mama akanitia mkono juu ya msahafu, nikala yamini: maadamu mamangu yu hai, sitapanda chombo cha majini.

Maadamu yu hai. Yaani nikingoja kiapo kiishe chenyewe, nitavuka kwenda kumzika.

Alhamisi, 23 Januari.

Mchanga. Nimeanguka mara nne. Kuanguka si kitu, kazi ni kuinuka: fungua godoro, shusha madumu, inua, pakia, funga upya. Mara nne! Sina nguvu ya kuandika.

Ijumaa, 24 Januari. Afmadow.

Walinambia nisiende peke yangu, nifuate malori. Basi nimefuata malori, nimekula vumbi lao lote. Keria imepasuka upande wa kulia, nimeifunga kwa waya. Swabra kapiga: mama amekunywa uji vijiko vitatu. Jana vilikuwa vitano. Sikupenda kuhesabiwa.

Jumamosi, 25 Januari. Kismayu.

Nimefika! Nilisimamisha pikipiki mbele ya nyumba ya Mzee Nassor nikashindwa kushuka. Mguu haukunyanyuka kupita godoro. Mkewe, Umi, ndiye aliyeshika usukani hadi nikateremka kama mzigo. Mzee Nassor alicheza na baba udogoni, sasa anasalisha msikiti wa mtaani. Akanitazama akasema nina pua ya baba. Karibu nilie, kwa uchovu tu.

Keria imechomewa. Cheni nimeikaza, imebaki pini yake kuiombea Mungu isikatike. Kutoka chumbani naisikia bahari. Nimefunga dirisha.

Jumapili, 26 Januari.

Baada ya alfajiri nilimweleza Mzee Nassor habari ya kiapo. Nilidhani atafungua vitabu. Hakufungua kitu. Akaniuliza mama ana umri gani, akauliza vidonda viko wapi, halafu akasema:

"Kiapo cha kumkata mamako hakitimizwi, mwanangu. Lisha masikini kumi, uvuke."

Nikamuuliza je, nikifunga siku tatu badala yake? Siku tatu zingenifaa. Akanikata jicho. Saumu ni ya asiyekuwa na kitu, akasema, na mchele uko nyuma ya pikipiki yako, nimeuona.

Basi Umi akaupika wote, na samaki wa nazi. Wakaja kumi kutoka kambi ya waliohama makwao. Mama mmoja mzee aliniombea dua nifike salama niendako. Nikaitikia amina.

Nimefunguliwa. Mbona sioni wepesi?

Jumatatu, 27 Januari. Njiani, kusini ya Kismayu.

Kaskazi iko mgongoni sasa. Imelishika godoro, na pikipiki inakwenda hata nikilegeza mkono. Nimekataa chombo miaka thelathini na tatu, leo nasafiri kwa tanga juu ya mchanga! Nilicheka peke yangu. Kisha tyubu ikatoboka, kicheko kikaisha. Kiraka, pampu, jua. Bahari kushotoni mchana kutwa. Sikuigeukia.

Jumanne, 28 Januari. Mkabala wa Chovae.

Nimefika mwisho wa nchi kavu. Chovae ile pale, minazi yaonekana, na bati moja linang'aa.

Faisal ndiye mwenye boti, ya fiba, ina mashine nyuma. Swabra alikwisha kumpanga. Akaniambia twende, maji mazuri, robo saa tu. Nikavua viatu. Nikatia mguu, maji ya kifundo. Nikaurudisha. Nikamwambia nasikia homa, tungoje jioni. Jioni nikamwambia nasikia homa.

Hakubisha. Alinitazama tu, namna mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kula na mkono.

Jumatano, 29 Januari.

Leo pia. Nilifika magoti. Miguu ikagoma, wallahi ikagoma, nikasikia lile pipa mkononi, kutu yake na baridi yake. Nikarudi kukaa chini ya banda la barafu ya samaki, mtu mzima na ndevu zangu.

Niseme kweli. Kiapo kimekwisha tangu Jumapili, kililiwa pamoja na ule wali. Nililokuwa nalo tangu mwanzo ni woga. Miaka yote watu wakiniuliza nilijibu nimeapa, na wote walinyamaza kwa heshima. Nilijifunika kiapo kama shuka. Mama arudi kwao nisimfuate, Swabra aolewe nisiwepo, sababu nimeapa! Kumbe naogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ni sawa, lakini hamwachi mamake alalie kamba.

Swabra akapiga. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Akasema basi, Adnani, angalau mpe Faisal godoro, mama asilale tena juu ya kamba na godoro liko ng'ambo.

Nikafungua mipira mmoja mmoja. Faisal akalibeba kichwani akaenda nalo. Pikipiki imebaki uchi, nyepesi, ningeweza kuigeuza niondoke nayo sasa hivi. Nililifikiria hilo. Naliandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Alhamisi, 30 Januari.

Swabra kapiga asubuhi. Mama amelala usiku mzima bila kulia, mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja. Alipoamka akapapasa godoro, akakuta zile tundu, akauliza ni nini. Swabra akamweleza habari za askari, za jangwa, za keria, yote niliyomhadithia kwenye simu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza mbona hilo limefika na mwenyewe hakufika.

Saa nne.

Boti inakuja. Wamo watu wanne wamesimama na kitu cha rangi katikati. Sielewi, Faisal hakunambia ana abiria.

Baadaye kidogo.

Ni godoro. Ni godoro langu, na mama yuko juu yake. Wamemtandazia leso, mtu kamshikia mwavuli. Ni bamvua, maji yamekauka mno, boti haiwezi kuja pwani. Imesimama mbali, mwendo wa hatua mia mbili hivi. Namwona mkono. Mkono mdogo!

Nilimpigia Swabra, namwona pale akipokea. Nikapiga kelele, mnafanya nini, mgonjwa huyu, mnampeleka wapi? Nikamwambia nitaleta wenye banda tumpokee, tumshushe taratibu, tumtie kivulini. Akaniacha nimalize.

"Hashuki," akasema. "Kaja kukuchukua."

Halafu nikamsikia mama mwenyewe, nyuma ya sauti ya Swabra, kwa mbali. Ndoo, mwanangu, kwa Kibajuni chetu: njoo. Mara moja tu. Alikuwa akiniita hivyo hivyo nikiwa mtoto, chakula kikiwa tayari.

Swabra asema hawawezi kungoja maji yajae, jua linampiga. Na kati yangu na boti maji ni ya kiunoni tu.

Naandika mbio, mwandiko huu sijui nitausoma. Ufunguo wa pikipiki nimempa mwenye banda. Viatu nimevivua. Wamegeuza mwavuli, sasa nauona na uso wa mama, unatazama huku.

Daftari hili nitaliweka wapi lisilowe?